Lipa Kodi, Pinga Faini

Morogoro,
28 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha za mkataba na za miamala nimezifungua moja baada ya nyingine. Unasema mwenye nyumba anakudai shilingi 120,000 kwa kuchelewesha kodi, yaani kodi ya mwezi mzima, na kwamba unafikiria kulipa ili yaishe. Usilipe. Nimepanga miaka mingi kabla sijajenga, na leo nina wapangaji wangu. Nakwambia kama mtu aliyekaa pande zote mbili: deni hilo halina miguu.

Hebu tulifumue. Kodi yako ni shilingi 360,000 kwa miezi mitatu, na mwisho wa kulipa ni tarehe 5. Ya Julai uliituma tarehe 4 jioni, kwa namba ya simu ya mtoto wa mzee mwenye nyumba, ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Mzee anahesabu tarehe 7, siku kijana alipoitoa kwa wakala na kumpelekea mkononi. Akakuandikia siku mbili za kuchelewa, 5,000 kila siku, jumla 10,000. Oktoba ukalipa 360,000 kamili tarehe 3. Yeye akamega humo 10,000, akaziita malipo ya faini ya Julai, kisha akasema kodi ya Oktoba imepungua. Tangu tarehe 6 anakuhesabia 5,000 kila kukicha. Hadi jana ni siku 22, shilingi 110,000, ukijumlisha na zile 10,000 "zilizopungua" unapata 120,000.

Umeona lilivyozaliwa? Deni lote limejengwa juu ya zile siku mbili za Julai. Ndiyo maana sikubali ushauri wa rafiki yako kwamba umpe angalau 10,000 mambo yatulie. Ukizitoa bila neno, umekiri kuwa ulichelewa, na hizo 110,000 utazipinga kwa hoja gani?

Hoja zako ni hizi, nazo ni nzito.

Kwanza, hukuchelewa. Mkataba ndio uliotaja namba ya kulipia. Pesa ikishaingia kwenye namba hiyo, umelipa. Ilipotolewa na ilipomfikia mzee ni mambo ya baba na mwanawe. Ujumbe wa muamala una tarehe, saa na kumbukumbu namba. Kama wa Julai umeufuta, nenda duka la huduma kwa wateja la mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya miezi hiyo. Wala usiogope kuambiwa kwamba ujumbe wa simu si ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali.

Pili, mkataba wako unasema mpangaji atakayechelewa "atatozwa faini" na kuishia hapo. Hizo 5,000 kwa siku zilikuja kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwezi Agosti. Hukusaini karatasi ile, na hata ungeisaini, tangazo la Agosti haliwezi kurudi nyuma kukamata kodi ya Julai.

Tatu, kodi ya Oktoba ilikuwa kamili. Ulipotuma uliandika, "Shikamoo mzee, nimetuma kodi ya Oktoba hadi Desemba," na mwanawe akajibu kwamba imefika. Sheria yetu ya Mikataba inamruhusu anayelipa kutaja malipo yake ni ya deni lipi, na anayepokea akishayapokea hana ruhusa ya kuyahamishia kwingine. Kwa hiyo hakukuwa na upungufu wowote wa kutozea faini.

Nne, hata kama ungekuwa umechelewa kweli, na kiwango kingekuwa ndani ya mkataba, kifungu cha 74 cha sheria hiyo hiyo kinampa aliyekosewa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kile kiasi ni kikomo. Hakuna anayehakikishiwa kukipata chote. Shilingi 110,000 kwa pengo la 10,000 ndani ya wiki tatu hata mimi mwenye nyumba siwezi kuziita fidia.

Sasa utaratibu. Usiache kulipa kodi. Wapangaji wengi huharibu hapo: wanakasirikia faini, wanazuia kodi, na siku wanayoitwa mbele ya watu wanakutwa wanadaiwa kweli. Januari lipa mapema, na kila unapotuma pesa andika papo hapo ni ya miezi gani.

Kisha mwandikie barua fupi, kwa heshima. "Shikamoo mzee. Kodi ya Julai niliituma tarehe 4 Julai na ya Oktoba tarehe 3 Oktoba, kwa namba iliyo kwenye mkataba wetu. Nakala za miamala nimeambatanisha. Kwa hiyo sidaiwi faini wala upungufu. Naomba unithibitishie kwa maandishi kwamba kodi yangu imelipwa hadi mwisho wa Desemba." Weka tarehe, saini nakala mbili, na aliyepokea akusainie nakala yako. Mpelekee ukiwa na mtu mzima wa hapo kwenu, wakati mzee ametulia, si koridoni mbele ya wapangaji wenzako. Mtu akiaibishwa hadharani hushikilia hata asichokiamini. Inawezekana pia kijana hakumwambia babake tarehe ya kweli, kwa hiyo mwachie mzee mlango wa kurudi nyuma kwa heshima zake.

Akikuletea karatasi ya kukiri deni, usiisaini. Asiposikia, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baraza la kata nalo lipo, ingawa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi tena hukumu. Suala likishindikana hapo, tafuta msaidizi wa kisheria, maana wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Yeye atakuongoza kama shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani. Na akikutisha kwa kufuli, mkumbushe kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka amwache akae kwa amani mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake.

Nakuhimiza sana juu ya karatasi kwa sababu wapangaji wa kizazi chetu walikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinga kubwa ya mpangaji ni mkataba wake na kumbukumbu zake, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ya deni ni kulipa. Dawa ya deni lisilokuwepo ni kulipinga kwa maandishi, mapema, kabla halijazoeleka masikioni mwa watu.

Andika barua hiyo leo usiku, unitumie niipitie kabla hujaipeleka. Na mkataba ukifika mwisho, mwombe mzee muandike humo mambo matatu: malipo yahesabiwe siku pesa inapoingia kwenye namba, faini iwe na kiwango na ukomo, na kila malipo yawe na risiti. Mwenye nyumba mwema hapotezi chochote kwa masharti hayo. Wapangaji wangu wanayo, na sijawahi kugombana nao juu ya tarehe.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mama yako mdogo,
nikupendaye.