Daraja Kati ya Lugha Mbili

Mwalimu afundishaye watoto wenye lugha nyingine nyumbani ni mjenzi wa daraja. Ukweli huo sisi tulifunzwa upya na kompyuta.

Chuoni kwetu tulikuwa na programu ya kukokotoa alama, iliyoandikwa kwa lugha ya C. Programu ya C hugeuzwa yote kuwa lugha ya mashine kabla ya kutumika. Hukimbia upesi, lakini si kila mkufunzi awezaye kuibadili. Tukaazimia kuiunganisha na Lua, lugha nyepesi ya skripti iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazili, ili kila mkufunzi aandike mwenyewe kanuni za kupanga matokeo. Tukatunga maktaba, yaani mkusanyo wa amri za kupitisha thamani kutoka upande mmoja hadi wa pili. Lugha hizi hazipokezani mkono kwa mkono: C huweka thamani juu ya mrundo, mfano wa sahani zilizopangwa, na Lua huzipata hapo.

Tulipobandika matokeo ya jaribio, mwanachuo mmoja hodari alitujia machozi yakimlenga: alikuwa ameshindwa. Tulipochunguza, tuliona kila mmoja amepewa alama za mwenzake anayemfuata orodhani, na wa mwisho hakupata kitu. C wala Lua haikukosea. C huhesabu orodha kuanzia 0, na Lua kwa desturi huanzia 1. Sisi wajenzi wa daraja ndio tuliosahau kuongeza moja. Tuliibandua orodha, tukaomba radhi mbele ya darasa.

Ndugu wanachuo, kosa hilo mtalikuta katika somo la Kiingereza. Mtoto aonyeshwapo saa ya asubuhi, atataja moja pale Mwingereza atajapo saba. Hakukosea kuhesabu, yeye huanza na mapambazuko, mwenzake huanza na usiku wa manane. Ukimwekea alama ya kosa bila kueleza tofauti hiyo ya saa 6, umemwadhibu kwa daraja ambalo wewe hukulijenga.

Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha, hapana budi kumwuliza mtoto anaanzia wapi. Nasi siku hizi hatubandiki orodha yoyote kabla ya kuhakiki jina la kwanza na la mwisho.