Vijana Wetu na Kazi ya Programu Huria



Wazazi kadhaa wa jumuiya yetu wametuletea swali moja kwa maneno mbalimbali. Kijana amesoma, amepata shahada ya kompyuta, ameajiriwa na kampuni yenye jina. Lakini arudipo jioni huketi tena mbele ya kompyuta akatunga programu ambazo hazimletei hata senti. Akimaliza huzitoa kwa walimwengu wote, na makampuni makubwa huzichukua yakazidi kutajirika. Je, kijana huyu ana akili, au anapumbazwa? Swali si la mzaha. Baadhi ya wanaouliza walifanya kazi zamu mbili kwa siku ili kumsomesha kijana huyo, na hawapendi kuona elimu iliyogharimu kiasi hicho ikitolewa sadaka kwa matajiri.

Tuanze na kitu chenyewe. Programu ya kompyuta ina sura mbili. Kuna maandishi anayoyatunga binadamu, ambayo mwenzake aweza kuyasoma na kuyasahihisha. Na kuna umbo la tarakimu ambalo mashine hulitii lakini ambalo macho ya mtu hayaambulii kitu humo. Makampuni yalizoea kuuza umbo hilo la pili na kuyafungia maandishi kabatini. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza mradi wa kutunga programu ambazo maandishi yake yatakuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1989 ikatolewa leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo inamruhusu mtu kuitumia programu, kuibadili, hata kuiuza. Ila akiigawa kwa wengine hana budi awape na maandishi yake, pamoja na haki zile zile alizopewa yeye. Hapo tunakiri werevu wa mtu huyu: aliichukua sheria ya hakimiliki, iliyowekwa kuzuia kunakili, akaifanya ilinde ruhusa ya kunakili.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kutunga kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, nacho ndicho Linux. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo, na watu wasiojuana wakaanza kumletea masahihisho kutoka pande zote za dunia.

Jina la Kiingereza linalotumika sana leo kuziita programu hizi lilibuniwa huko California mwezi Februari 1998, wiki chache baada ya kampuni ya Netscape kutangaza kuwa itayaweka wazi maandishi ya programu yake ya kusomea kurasa za intaneti. Waliolibuni walitaka kuwatoa hofu wafanyabiashara, kwani katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya uhuru na ya kutolipa, na mfanyabiashara akilisikia hudhani ameitwa kula hasara. Kwa hili Kiswahili kimebarikiwa: sisi tuna huria, na tuna bure, na hata mtoto wa darasa la kwanza hazichanganyi.

Wafanyabiashara nao hawakugeuka kuwa wafadhili. Walipiga hesabu. Kila kampuni inahitaji misingi ile ile: mfumo wa kuendesha mashine, programu ya kutolea kurasa, ghala la kuhifadhia taarifa. Kila mmoja kujijengea peke yake ni kutupa fedha. Basi bora wajenge pamoja, kisha washindane juu ya msingi huo. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ilinunua GitHub, mahali ambapo watunzi wa programu huria huweka kazi zao, kwa dola bilioni 7.5. Mwaka uliofuata IBM ikainunua Red Hat, ambayo utajiri wake ulitokana na kuwauzia watu matunzo na dhamana ya programu ambazo maandishi yake yako wazi kwa wote, kwa dola kama bilioni 34. Na simu ya Android iliyomo mfukoni mwako, msomaji, inasimama juu ya kiini cha Linux.

Kwa hiyo wazazi hawakukosea: utajiri upo, na aghalabu haumfikii aliyetunga. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, zikiwamo nywila na mawasiliano ya biashara. Kasoro ilikuwa imekaa humo kwa miaka miwili. Walipotazama ni nani wanaoitunza, walikuta watu wachache mno, na michango iliyokuwa ikiwafikia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yaliyokuwa yakiitegemea yalitoa fedha baada ya fedheha hiyo.

Kisa cha mwaka 2024 ndicho kilichotusumbua zaidi. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ, inayotumika ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja, bila malipo, katika saa zake za mapumziko. Mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba afya yake ya akili imempunguzia uwezo wa kazi, na akawakumbusha watu kuwa hiyo si ajira. Baadhi yao, kwa majina ambayo baadaye hayakuonekana tena, walizidi kumlaumu kwa uzito wake na kumtaka awaachie wengine. Wakati huo huo alikuwapo msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Kidogo kidogo akaaminiwa, hadi akakabidhiwa funguo za nyumba. Mwezi Februari 2024 toleo jipya likatoka likiwa na mlango wa siri ndani yake. Mwezi uliofuata mhandisi Andres Freund aliona kuwa kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Hakuridhika, akachimba mpaka akaukuta mlango huo kabla haujaenea. Angekuwa mtu wa kusema “si neno”, sijui tungekuwa tunaandika habari gani leo.

Maandishi kuwa wazi ndiko kulikomwezesha Freund kuchimba. Na upweke wa mtunzaji ndio uliomfungulia mwizi.

Tusisahau fungu letu. Mwishoni mwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizinduliwa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya mahesabu katika Kiswahili, iliyotokana na programu huria ya OpenOffice. Waliofanya kazi hiyo hawakulazimika kungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama Waswahili ni soko lenye faida. Ruhusa ilikuwa ndani ya leseni.

Hivyo hatumshauri mzazi amkataze kijana wake. Kazi zake za usiku zina jina lake na tarehe yake, na mwajiri mwingine aweza kuzisoma kabla hajamwita kwa mahojiano. Sisi tuliosahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini twajua thamani ya kazi inayoonekana. Lakini mwambie auangalie mkataba wake wa ajira, maana mikataba mingine hudai hata kile mtu anachokitunga nyumbani kwake. Akiwa na shaka, amwonyeshe mwanasheria. Kisha muulize ni wangapi anaoitunza nao programu hiyo. Akikujibu kuwa yuko peke yake, na kwamba makampuni humwandikia usiku wa manane yakitaka masahihisho upesi, muulize tena ni ipi kati yao iliyokwisha kumlipa, na kama anajua kuwa anaruhusiwa kuwajibu kesho.