Hip-hop katika somo la ushairi: maoni ya mwalimu wa Handeni

Malenga wenzangu wamenikanya mara kadhaa: hip-hop ni ya vijiweni, ushairi ni wa darasani, na mwalimu anayechanganya viwili hivyo huharibu vyote. Nayaheshimu maonyo hayo, kwa kuwa wanaoyatoa ni wapenzi wa lugha kama mimi. Hata hivyo, kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Handeni, jirani na kwetu Korogwe, kumenionyesha kwamba sikio la mwanafunzi hutangulia kanuni, na sikio hilo limekwisha kunolewa na muziki kabla hajafika kwangu.

Jambo lenyewe si geni. Mathias Mnyampala alipoanzisha ngonjera katika miaka ya 1960, aliutoa ushairi kitabuni ukasemwe kwa kujibizana mbele ya hadhara. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule zikawa miongoni mwa kumbi zake kuu. Vijana wanaopambana kwa mitindo huru chini ya mwembe wakati wa mapumziko hawako mbali na njia hiyo.

Wala hatuhitaji kwenda New York kutafuta mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wagosi wa Kaya wa Tanga, yaani Dr. John na Mkoloni, walichana kuhusu wauguzi na askari wa trafiki kwa lafudhi ya kwao bila kuificha. Mgosi ni mwanamume katika lugha za mkoa wetu. Mwanafunzi aliyezoea kuchekwa kwa lafudhi yake ya Kizigua, akisikia kwamba lafudhi ya Tanga ilivuma redioni nchi nzima, hufungua kinywa. Na kinywa hicho ni hazina, kwani masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Somo langu ni miongoni mwa nafasi chache alizonazo za kufikiri kwa sauti katika lugha anayoimudu.

Darasani sina spika. Kundi moja hupiga madawati kwa mapigo manne, jingine huchana mistari waliyoitunga wenyewe. Kisha nauliza: je, mistari hii ina urefu mmoja? Wakihesabu, huona haina. Mchanaji huongozwa na pigo. Anaweza kubana silabi nyingi au kunyoosha chache, mradi afike kwa wakati. Tarbia tunayoijua zaidi haina ruhusa hiyo: mizani 8 kila kipande, 16 kila mshororo. Ninapowataka wayafinyange maneno yao yaenee kipimo hicho, ndipo wanapogundua kwamba “mtu” ana silabi mbili, jambo ambalo ubao ulishindwa kuwashawishi.

Msichana mmoja asiyependa kusema darasani alichana kuhusu maji. Handeni, mtu hahitaji kuelezwa habari hiyo: tumezoea kungoja bomba linaloleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, na yasipofika, ndoo hurudi kichwani. Mistari yake ilikuwa mirefu, imejaa misimu. Baada ya kufinyangwa kwa vipindi viwili, ikawa hivi:

Kisimani nimefika, jua bado kuchomoza,
Ndoo kichwani naweka, na njia inaniliza,
Kengele ikisikika, mwendo ningali nakaza,
Mlango unafunguka, somo wameshamaliza.

Wachanaji wa darasa wakapinga. “Fika” na “sikika” vinalingana, wakasema, lakini “weka” na “funguka” havimo. Kwa kanuni zetu vimo vyote, maana kina ni silabi ya mwisho, nayo ni “ka”. Ila wao wamezoea kusikiliza kuanzia silabi yenye mkazo, ambayo katika Kiswahili ni ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sikio la hip-hop lilidai ulinganifu mkubwa kuliko ule unaodaiwa na tarbia! Tulijadili mpaka kengele ikalia. Mtunzi mwenyewe alisimama kuutetea ubeti wake, na hoja yake ilikuwa fupi: maneno hayo ndiyo yaliyotokea njiani, hayabadiliki.

Sidai kwamba hip-hop yatosha. Haimpi mwanafunzi msamiati wa Shaaban Robert, na nyimbo nyingine zina matusi nisiyoweza kuyapeleka mbele ya watoto wa watu. Ndiyo sababu napendelea watunge wao. Mtihani nao hautawauliza mapigo manne. Lakini anayeijua tofauti ya pigo na mizani kwa mkono na sikio lake hakariri tena, anaelewa.

Basi, malenga wenzangu, tusiogope kwamba vijana hawa watabomoa vina. Wanavipigania. Kazi yetu ni kuwaonyesha kwamba jengo wanalolitetea ni kubwa kuliko walivyodhani, na kwamba humo ndani mna nafasi ya ndoo, ya kisima na ya msichana aliyechelewa kipindi.