Mwanangu Anachekesha Watu Baa

Jioni moja, tulipokuwa tukitoka kwenye kipindi cha maombi cha akina mama, dada mmoja alinivuta kando. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, pole. Tumesikia yule kijana wako yuko Katoro, anachekesha walevi baa."

Nilikosa la kujibu. Nilijua mwanangu wa pili alikwenda Katoro kufanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kumbe mchana yuko karashani, usiku yuko jukwaani ameshika maikrofoni.

Usiku ule usingizi haukuja. Mimi nimelelewa Shinyanga, katika nyumba ambayo neno baa halikutajwa. Mtoto huyu nilimpeleka shule ya Jumapili kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia baba watoto kwamba kijana ametupotea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona King Majuto tulikuwa tunamcheka sisi sote hapa sebuleni, na wewe ukiwa wa kwanza? Unadhani yeye alianzia kwenye televisheni?"

Neno lile lilinichoma. Ni kweli, kanda za Majuto zilipofika huku kwetu, nilikuwa naacha mboga inaungua jikoni nikimtazama yule mzee mkali, mbishi, mwenye tamaa, anayeumbuka mwishoni. Tulicheka tukafuta machozi. Lakini sikuwahi kujiuliza mtu yule alitoka wapi.

Amri Athuman, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto mdogo. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Hesabu wewe mwenyewe, mama mwenzangu: tulipoanza kuwaona waigizaji kwenye kioo, Majuto alikuwa na miaka 36 katika kazi ya kuchekesha. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Tanga, na Tanga aliipenda mpaka mwisho.

Na wachekeshaji wa zama zile walisomea wapi kazi yao? Chuo kilikuwa jukwaa. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam kama Muungano, na TOT iliyoanzishwa mwaka 1992, vilifanya maonyesho yao kwenye baa na kumbi za starehe. Watu walilipa kiingilio, wakaona ngoma, sarakasi na taarabu, na katikati yake vichekesho. Mchekeshaji wa mahali kama pale hana pa kujificha. Asipochekesha, mteja anamgeuzia mgongo na kuagiza bia nyingine. Anajifunza kuipima sauti yake, kujua wakati wa kunyamaza, na kumshika mtu aliyechoka asiyetaka kushikwa. Zilipokuja kanda za video, na baadaye sahani za filamu, wengi wao walikuwa wameiva tayari.

Kisha filamu hizo zikatufuata mpaka machimboni. Vibanda vya video vilijaa wachimbaji wadogo waliotoka kwenye maduara na vumbi lao mwilini. Vijana wetu wakaona pia kwamba hata mtoto wa huku anaweza kufika. Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Yeye hakuwa mchekeshaji, lakini naye alipitia kikundi cha Kaole na michezo ya televisheni kabla ya kuvuma kwenye filamu. Mwanangu alikua akimtazama huyo, na akimtazama Majuto.

Basi nikaamua kwenda Katoro nijionee. Sikumwambia mtu wa kanisani. Nilifika jioni, nikasimama nje ya uzio karibu na banda la chipsi, kanga nimejifunika mpaka puani. Nikaisikia sauti ya mwanangu. Alikuwa akimwigiza mama mmoja anayebishana na muuza dagaa, anahesabu dagaa mmoja mmoja, kisha anaomba nyongeza kwa jina la Yesu. Nilichelewa kidogo kutambua kwamba mama yule ni mimi.

Nilicheka, jamani. Nilicheka nikajishika kwenye uzio. Ndani, wanaume waliokuwa wameshinda ardhini siku nzima nao walikuwa wanacheka. Hakukuwa na tusi hata moja.

Alipotoka na kuniona, uso ulimbadilika. "Mayu," akasema, "umekuja kunichukua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nikamwuliza, "Unalipwa shilingi ngapi?" Akainama. Mwenye baa alimwahidi shilingi 10,000 kwa usiku, kwa maneno tu. Ilikuwa miezi miwili, na alichopata ni sahani ya chakula, na zile noti ndogo ambazo wateja humtunza wakifurahi. Mara nyingine alipewa bia, naye hanywi, akawa anaziuza.

Hapo ndipo nilipoukumbuka mwisho wa Majuto. Mwaka 2018 mzee yule aliugua sana, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi, na tarehe 8 Agosti akafariki katika Hospitali ya Muhimbili. Katika ugonjwa ule ndipo taifa liliposikia kwamba mtu aliyelichekesha kwa miaka 60 alikuwa na malalamiko juu ya malipo ya kazi zake, yakiwemo matangazo ya biashara. Waziri wa Habari na Michezo wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Majuto alicheza kwao, tukampigia makofi, na tukadhani makofi ndiyo matunzo.

Mama mwenzangu, mimi nilikuwa na swali moja tu kwa mwanangu: kwa nini baa? Sikuuliza maneno gani yanatoka kinywani mwake pale, wala nani anakula jasho lake. Nilishughulikia aibu yangu, yeye akabaki peke yake na mtu anayemdhulumu. Angekuwa anabeba mawe bila malipo, ningekwenda kulia kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwa kuwa alikuwa anachekesha, nililia juu yake.

Sisemi baa ni mahali pema pa kumpeleka mtoto. Bado naomba kila usiku apate jukwaa jingine. Lakini kitabu cha Mithali, sura ya 17, kinaifananisha furaha ya moyo na dawa, na nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe makundi ya watu waliohitaji dawa hiyo. Kipawa kile hakumpa mwenye baa. Alimpa Mungu.

Usiku ule tulikaa kwenye benchi la chipsi, tukaandika katika daftari la shule: tarehe, saa alizofanya kazi, fedha aliyoahidiwa, na nafasi ya sahihi. Mwenye baa alikataa kusaini. Mwanangu akaondoka kwa huyo, akapata pengine, ambako walisaini. Deni la miezi miwili halijalipwa mpaka leo.

Sasa anaitwa pia kwenye harusi na kipaimara, na daftari linakwenda naye. Kwenye televisheni hajafika, na huenda asifike. Akija nyumbani humwigiza baba yake, kisha huniigiza mimi na dagaa zangu.

Yule dada aliyeninong'oneza alimwalika juzi kwenye harusi ya binti yake. Nilimwambia kwa upendo, "Karibu sana, dada. Lakini utasaini kwanza."