Hatua 80 kutoka Ruvu

Nyumba yangu iko Mkuza, Kibaha; bustani iko bondeni mwa mto Ruvu, upande wa Mlandizi. Alfajiri napanda bodaboda na dumu la petroli ya pampu. Jioni nikirudi nakinga maji ya kuoga bombani, na hayo nayo ni Ruvu, ila yamepitia mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa 1959.

Miaka 11 ya mchicha, bamia na nyanya chungu imenitoa tabia ya kutazama mawingu ya Kibaha. Mto huu kwao ni milima ya Uluguru. Huku jua linaweza kuwaka siku tatu, lakini maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kushusha magugu, nafungua pampu naipandisha juu. Mwaka mmoja nilipuuza nikaenda zangu kulala. Asubuhi nilikuta mpira umening'inia kwenye mkuyu. Pampu sikuiona tena, na deni lake lilikuwa bado bichi.

Viboko ni wezi wa usiku, hao tunawapigia madebe. Mamba hana kelele. Ndiyo maana hatuchoti maji kwa kuinama, tunatupa ndoo yenye kamba. Mgeni akitucheka tunamwacha acheke, mradi asimame mbali na maji.

Hasara yangu kubwa, lakini, niliileta kwa mkono wangu. Nilifyeka matete nikalima hadi ukingoni, maana pale udongo ni mweusi na mpira mfupi unatosha. Masika mbili tu, mto ukameza matuta yangu pamoja na bamia zilizoanza kuzaa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mimi niliiona ni ya kutubana wenye bustani ili watu wa mjini waoge. Basi mwaka 2022 ukame ukapunguza mto, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, na bomba langu la Mkuza likawa linapuliza hewa. Pampu yangu huvuta maji ya mto kabla hayajafika mtamboni. Siku hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Nikanunua mpira mwingine, nikarudi nyuma. Matete yameota yenyewe, na ukingo haujamegeka tena.

Kwa miguu yangu mita 60 ni hatua 80. Jirani, zihesabu kabla hujanoa panga.