Roboti ya Misumari Miwili na Tuta la Mchicha

Ndugu mkulima, leo sizungumzii mbolea wala viwavi.

Mwaka jana niliombwa kusaidia klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari hapa Nyegezi. Nikaja na makuu: kigari cha magurudumu kinachoongozwa na Arduino, kazi ya wiki sita, kila siku baada ya masomo. Wiki ya tatu walibaki wanafunzi wanne, wote wavulana. Mama mmoja muuza mboga akaniuliza waziwazi: "Bwana shamba, binti yangu akikaa kwenye roboti, mchicha wangu atamwagilia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipanga ratiba kana kwamba muda wa watoto ni wangu.

Tukaanza upya na kitu kinachoisha ndani ya vipindi viwili vya dakika 40. Mahitaji: misumari miwili, betri ya volti 9, transista ya BC547, taa ndogo ya LED, rizista ya ohm 470 ya kulinda taa, nyingine ya ohm 1,000 ya kulinda transista, na nyaya kutoka redio mbovu. Kipindi cha kwanza ni kuunganisha. Cha pili ni kujaribu kwenye makopo mawili, moja la udongo mkavu na moja la udongo uliolowa.

Udongo wenye maji hupitisha umeme kidogo kati ya misumari, transista inaukuza, taa inawaka. Udongo ukikauka, taa inazima. Haina mikono, lakini inahisi na kujibu. Roboti zote huanzia hapo.

Yule binti aliipeleka nyumbani, akachomeka misumari kina cha kidole kwenye tuta. Asubuhi juu palikuwa pakavu, lakini taa ikawaka. Wakachimba, wakakuta unyevu. Siku kama hizo ndoo za asubuhi hazikuwa na kazi, na ndizo zilizokuwa zikimchelewesha shule.

Ukijaribu, zingatia haya: pima kisha chomoa betri, sugua misumari ikishika kutu, na mwanzoni hakikisha kwa kuchimba. Kumwagilia bado ni kazi ya mikono yako.

Mzazi, mtoto akikuomba dakika 40, mpe. Nasi tunaofundisha, tuulize kwanza nani anamwagilia mchicha.

Tukutane shambani.