Udongo Juu ya Sakafu

Katika mwaka wa 2018 nalisakafia ua wa mama yangu, Kaengesa. Nia yangu ilikuwa njema, na wema wa nia ndio ulionipofusha. Mvua za Ufipa huanza Novemba zikaendelea mpaka Aprili, na muda huo wote tope la ua lilimfuata mama hata chumbani. Nikanunua saruji, nikaleta fundi, tukafunika kila shibiri ya ardhi toka kizingitini hata uzioni. Kazi ilipokwisha mama alitazama, akasema, "Pasafi mno, mwanangu. Hata kuku hana pa kuparua."

Nalidhani ananisifu. Ilipita miaka miwili kabla sijatambua ya kuwa mtu aliyezoea kuchuma mboga hatua chache toka mekoni sasa ananunua mchicha sokoni, na ya kuwa saa za jioni, alizokuwa akizipitisha na jembe mkononi, anazimaliza ameketi barazani, mikono juu ya magoti.

Kuvunja sakafu ilikuwa hasara na fedheha. Naungama kuwa fedheha ndiyo iliyonielemea zaidi. Basi naliazimu kuuleta udongo juu ya sakafu, katika masanduku makubwa ya zege. Kila moja lilikuwa na urefu wa meta 1, upana wa sentimeta 60 na kimo hicho hicho, na kuta zenye unene wa sentimeta 7. Sanduku la kadiri hiyo hupita kilo 350 kabla ya kutiwa udongo, kwa hiyo hapana budi limwagwe papo hapo litakapokaa. Tulitandika nailoni lisishikamane na sakafu, tukapitisha vipande vya mwanzi katika kuta, karibu na kitako, viwe matundu ya kutolea maji. Zege lilikuwa la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto ndogo, na wavu wa chuma katikati ya ukuta.

La kwanza lilitushinda. Mbao za ndani tulizisimamisha wima kabisa. Zikanywa maji ya zege, zikavimba, zikakataa kutoka. Tulizitoa kwa shoka, na pembe moja ya sanduku ikatoka pamoja nazo. Katika yaliyofuata tulizivika mbao nailoni na kuzipunguza upana kidogo kuelekea chini, nazo zikatoka bila ugomvi.

Chombo cha namna hii kina nasaba kubwa. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hataza mwaka 1867 kwa vyombo vya saruji vyenye chuma ndani, vya kupandia mimea. Navyo ni miongoni mwa wazazi wa maghorofa na madaraja ya leo. Mimi nalikuwa nimeihesabu saruji kuwa adui wa bustani, kumbe bustani ilikuwa miongoni mwa wakunga wake.

Zege halikauki kama nguo, bali hukomaa kwa kuungana na maji. Siku saba tuliyafunika masanduku kwa magunia mabichi. Kisha tukayajaza maji na kuyamwaga mara nyingi, kwa kuwa saruji mpya hutoa ukali wa chokaa ambao mimea mingi haiupendi.

Nalikuwa nimeleta miche ya waridi na mfuko wa mbolea ya dukani. Mama aliviweka kando bila neno. Alikwenda kufyeka nyasi, akazishindilia chini ya sanduku, akaweka udongo juu yake, akauinua katikati kama mgongo wa kobe. Ndipo nalipoona anachokifanya. Ilikuwa ni intumba, tuta la mviringo la Wafipa: nyasi huzikwa chini ya udongo zikaoza, maharage hupandwa juu, na mvua za mwaka wa pili zikija tuta hutawanywa, ukapandwa ulezi. Mashamba ya uwanda huu yalilishwa hivyo muda mrefu kabla ya mifuko ya mbolea.

Alipanda maharage katika mawili, vitunguu katika la tatu. Lile lililovunjika pembe nalitaka kulitupa, akanikataza. Humo alipanda maboga, yapate pa kutambalia. Jioni ile aliinama kwenye sanduku mpaka giza likaingia. Aliponawa mikono alipiga kisigino sakafuni, karibu na mlango wa jiko, akaniuliza kama sururu ya marehemu baba bado ina mpini.